Mikono Yangu, Jina la Yaya

Juzi nilikuwa saluni, hapa Mbarara, nikisubiri zamu yangu ya kusukwa, msichana aliyekaa karibu nami akafungua kichupa cha rangi ya kucha. Harufu ilinifikia kabla sijakiona kichupa chenyewe. Watu wengine rangi ya kucha huwakumbusha harusi, au Krismasi. Mimi hunijia pamoja na harufu ya petroli, joto la mabati saa nane mchana, na sauti ya yaya yangu Esperance akiniambia, "Nyoosha bidole, Kadogo. Usitikisike." Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Msusi aliponiita sikuitika. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, mikono nimeificha kwapani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa la kupasua kichwa.

Kwetu sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Esperance alinitangulia kwa miaka saba. Tulipoingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wake, kwa kuwa mama alikuwa amebeba masufuria na baba alikuwa amebaki Uvira, kaburini. Nilimpenda kama mtoto anavyompenda aliyembeba. Akisema mvua itanyesha, nilianua nguo.

Yeye ndiye alikuwa mpiga piano wa kanisa letu pale Misiera, mtaa wetu wa kambini. Kanisa lilikuwa la kuta za udongo na paa la mabati, na mabenchi yaliyochana sketi zetu kila Jumapili. Mbele, upande wa kuume, palikuwa na kinanda cha umeme kilichofunikwa kitenge. Sote tulikiita piano. Kilikula umeme wa betri ya sola. Kilikuwa na vibao sitini na kimoja, vyeupe na vyeusi, na kimoja cha katikati kilikuwa kimekufa tangu siku kilipoletwa: ukikigusa, kimya. Esperance alikuwa na ufunguo wa mlango, aliuvaa shingoni kwa kamba. Alijua akodi nne, mafungu manne ya vibao vinavyopigwa pamoja, na alizipiga kwa uso wa mtu anayejua arobaini. Kwaya ilimheshimu, na mimi nilitembea nyuma yake nikijisikia mkubwa.

Wimbo wenyewe niliusikia kwanza kwenye kibanda cha video. Jumamosi mchana watoto tuliruhusiwa kuingia kutazama katuni za Kijapani. Bila shaka wengi wenu wa rika langu mlizitazama vilevile: juu ya sauti za Wajapani paliwekwa sauti ya mwanamume anayetafsiri kwa Kiluganda, anapiga kelele, anatia utani wake, anacheka kabla yetu. Kijapani hatukukijua, Kiluganda tulikijua kidogo cha sokoni, kwa hiyo kila mtoto alitoka na hadithi yake. Katuni niliyoipenda ilikuwa ya binti aliyekuwa akipiga mbizi kwenda kugonga kengele za mji uliozama. Mwishoni, majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, yule mtafsiri alinyamaza, nadhani alikuwa amechoka, na ukabaki muziki peke yake. Wenzangu walikimbilia mlangoni. Mimi nilibaki kwenye benchi mpaka mwenye kibanda akanifukuza.

Niliuimba mdomoni wiki nzima, nikiosha vyombo, nikichota maji. Esperance akaniuliza ni wimbo gani huo unaomchosha masikio. Nilimweleza. Kesho yake alikwenda kituo cha vijana, penye intaneti ya bure, akarudi na video kwenye simu yake.

"Angalia," alisema.

Sikuona binti wala kengele. Niliona mikono. Mikono ya mtu mzima, myeupe, iliyopigwa picha kutoka juu, bila kichwa wala mwili, na juu yake vijiti vya mwanga vikianguka kama mvua: vya kijani kwa mkono wa kuume, vya buluu kwa mkono wa kushoto. Kijiti kikigusa kibao, kibao kinalia. Huo ndio ulikuwa wimbo wangu, lakini umeongezewa vitu, umejazwa, umekuwa mto uliofurika. Mkono wa kushoto uliruka huku na huku. Mkono wa kuume ulishika wimbo kwa vidole viwili vya mwisho, na vile vitatu vingine vilikuwa vikitetemesha kitu kingine kabisa katikati. Esperance alisoma maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa juu akanitafsiria: "Beko nasema hii ni ngumu sana. Si ya mutu anaanza."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwa hata nimeanza.

Tulikuwa tukienda kanisani nikitoka shule, saa nane, wakati hakuna mazoezi ya kwaya. Esperance alikaa kando yangu na simu mkononi, akaiweka video iende nusu ya mwendo wake, kisha robo. Nilijifunza vijiti vinne kwa siku, siku nyingine viwili. Sikujua noti hata moja kwa jina lake. Nilidhani yule mtu wa mikono anapiga kwa ajili yetu wakati uleule, na kwamba tukiisimamisha video naye anapumzika. Nilikuwa nikimwonea huruma tukimrudisha nyuma mara ishirini kwa kosa langu. Ilifika mahali nikamwambia Esperance, "Tumwache kwanza akunywe maji." Alicheka mpaka akalala kwenye benchi.

Piano yetu ilikuwa fupi kuliko ya yule mtu. Vijiti vingine vilianguka nje, kushoto na kuume, mahali ambapo sisi hatukuwa na kibao ila ile meza iliyobeba piano. Esperance alitaka tuviruke. Mimi sikutaka, kwa sababu mkono ukizoea kuruka utakuja kusahau njia. Basi kila vilipoanguka nje niligonga mbao ya meza kwa kidole, nikausikia mlio wake kichwani.

Nataka niseme ukweli wote, hata ule unaomfaa yeye. Sijapata mwalimu mwingine mvumilivu kama yaya. Mabati yalikuwa yakiwaka juu yetu, jasho linamtiririka, naye ananiambia, "Tena. Tena, Kadogo. Kidole ya ine, si ya tatu. Tena." Hakunipiga hata siku moja. Siku nilipoweza kupiga sehemu ya kwanza yote kwa mikono miwili, aliizima simu. Halafu akanisogeza, akakaa yeye. Akajaribu. Vidole vyake vilikuwa vizuri, virefu, lakini viliendelea kutafuta zile akodi nne kama mbuzi anayerudi zizini. Alijaribu kwa siku tatu. Ya nne hakujaribu tena.

Siku hiyo ndiyo aliyonipa lile sharti.

"Usiambie mutu," alisema. "Hata mama. Hii ni muziki ya dunia, haiko ya kanisa. Pasta akisikia, atatunyanganya ufunguo, na itakuwa mwisho."

Kuanzia hapo tulifunga mlango na kupunguza sauti. Mtu akipita nje, Esperance alinisukuma kwa kiuno nikashuka kwenye kiti, akakaa yeye, akapiga akodi mbili za zaburi. Nilidhani anajitoa yeye akamatwe badala yangu. Nilikuwa nikichutama nyuma ya mimbari nikimwombea.

Ulipopita muhula mzima wa shule, niliupiga wimbo kwa mwendo wake kamili, bila kusimama. Esperance akasema tufanye video kama ya yule mtu. Alikuja na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, kitu ambacho kanisani kwetu hakikuruhusiwa kwa msichana, na sweta yake ya kijani yenye mikono mirefu, na saa yake ya mkononi. Alinikalisha sakafuni akanipaka kucha moja moja, akizipuliza. Sweta ilikuwa kubwa, akaikunja kwa ndani na kuibana na pini ili isionekane. Akanivalisha saa. Sijawahi kupambwa vile. Nilitazama mikono yangu nikaona ni mikono ya mtu mzima.

"Na sura yangu?" niliuliza alipofunga simu juu kwenye boriti, ikitazama chini.

"Bale ba video banaonyesha sura?"

"Hapana."

"Basi."

Ilikuwa kweli. Nilipiga mara tatu. Ya tatu ndiyo iliyotoka safi, na hiyo ndiyo aliyoipeleka kituo cha vijana akaiweka kwenye intaneti. Kisha alimwomba mwendesha boda matone ya petroli kwenye kitambaa, akanisugua kucha mpaka zikawa nyeupe, na nilirudi nyumbani nikinuka kama gereji. Mama aliuliza. Esperance akajibu kwamba nilijimwagia.

Jumapili moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Pasta alisimama kabla ya mahubiri akiwa na simu yake mkononi. Alikuwa anacheka. Alisema Mungu hasahau watu wake hata wakiwa kambini. Alisema amepokea habari kutoka Mbarara: kuna mwalimu wa shule ya muziki aliyeona kwenye intaneti video ya mikono inayopiga muziki mgumu wa Kijapani, akauliza huyu ni nani, akajibiwa ni binti anayepiga piano kanisani, Nakivale. Shule inataka kumpa nafasi ya kusoma, na mahali pa kulala.

"Kumbe tuko na mwalimu hapa ndani, na hatukujua!" Pasta alisema. "Esperance, mwanangu, simama."

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Kwanza nilifurahi, lazima nikiri. Nilifurahi kwamba Pasta hakukasirika na kwamba hatutanyang'anywa ufunguo. Nilimtazama yaya nikisubiri aseme, "Si mimi, ni huyu." Aliinuka. Kabla hajainuka aliushika mkono wangu chini ya kitenge akaubana, nami nikaufahamu ule mbano: ngoja. Mama alitoka kwenye safu ya wamama akaja katikati akicheza, kitambaa cha kichwa kimemwanguka, machozi yanamtoka. Sikuwahi kumwona akicheza tangu nipate akili. Nilingoja. Wimbo ukaanza, mahubiri yakaja, sadaka ikapita, na bado nilikuwa nikingoja.

Njiani kurudi nyumbani nilimvuta nguo. "Yaya, ni mimi nilipiga."

"Najua."

"Juu ya nini haukusema?"

Alisimama. Alipiga magoti mbele yangu katika ile njia ya udongo mwekundu, akanishika mabega. "Kadogo, sikiliza muzuri. Habawezi kukamata mutoto wa miaka kumi na mbili, akalale peke yake Mbarara. Mulango iko moja. Mimi nikiingia, nitakuvuta. Unanisikia? Nitakuvuta."

Nilimsikia. Nilimwamini. Hata nilianza kumfundisha. Kwa wiki tatu mambo yaligeuka, mimi nikawa natembeza kidole hewani kumwonyesha mahali kijiti kinapoanguka, yeye akawa mwanafunzi. Nilikuwa nikisema, "Tena, yaya," naye anauma midomo. Haikuwezekana.

Tulikwenda Mbarara pamoja na mke wa Pasta, aliyekuwa na miadi hospitali. Alituacha penye geti la shule akasema atanipitia mchana. Esperance alingoja mpaka apotee kwenye kona, kisha akatoa bendeji kwenye mkoba akanyoosha mkono wa kuume.

"Nifunge."

"Umeumia wapi?"

"Nifunge tu, Kadogo. Kisha ndani usiguse kitu."

Nilimfunga. Niliifunga vizuri, na fundo nikalificha chini ya kiganja.

Mwalimu alikuwa mama mnene, Mnyankore, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini alijitahidi kwa ajili yetu. "Nyinyi natoka Nakivale leo leo? Banange! Na mkono, nafanya nini?"

"Mafuta ya moto, Madamu," Esperance alisema, macho chini.

"Pole sana. Kale, basi, hakuna shida. Mimi naona video mara kumi. Mkono itapona."

Walikwenda chumba cha pili kujaza fomu, na mimi nikaachwa peke yangu na piano. Piano ya kweli, ya mbao nyeusi, kifuniko wazi. Nilikuwa nimeambiwa nisiguse kitu, na kwa muda nilitii. Lakini niliviona vile vibao vya pembeni, kushoto na kuume, mahali ambapo miezi yote vidole vyangu viligonga meza. Vilikuwepo. Nilikaa. Nilibonyeza kile cha chini kabisa cha mwanzo wa wimbo, na sauti yake ikanipanda kwa miguu, kupitia kiti, mpaka tumboni. Baada ya hapo sikukumbuka kukatazwa. Niliupiga wimbo mzima, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na pengo ndani yake, kila kitu kililia mahali pake, nikasahau yaya, nikasahau Mbarara.

Nilipoondoa mikono, Madamu alikuwa mlangoni, miwani ameivaa.

"Nani nafundisha huyu?"

Esperance alikuwa nyuma yake, mkono wenye bendeji ameukumbatia kifuani. Macho yetu yalikutana. Nilifikiri: sasa. Mlango umefunguka wenyewe, hana haja hata ya kunivuta, aseme neno moja tu.

"Ni mudogo wangu," alisema. "Ni mimi njo nilimufundisha."

Madamu alipiga makofi. "Kama mwanafunzi iko hivi, mwalimu je?" Akageuka, akarudi ofisini kumalizia kutia sahihi.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini nilinyamaza. Sikuwa na Kiingereza, hiyo ni kweli. Nilikuwa mtoto, na kwetu mtoto hamwaibishi mkubwa wake mbele ya mgeni. Lakini lililonifunga kinywa zaidi ni kwamba yale maneno hayakuwa uongo mtupu. Nani alishika simu? Nani alisema tena, tena, kwenye lile joto? Uongo mtupu ningeupinga kwa kilio. Huu alikuwa ameushona kwa uzi wa kweli, na mimi sikuona pa kuushika.

Alibaki Mbarara siku ile ile. Mke wa Pasta alinirudisha. Nilipunga mkono pale getini, bado nikijiambia kwamba atanivuta.

Wiki mbili nilisubiri. Kisha nikaenda kwa Pasta kuomba ufunguo, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeanza kuniwasha. Alikuwa nje ya nyumba yake akitengeneza baiskeli. Alikuwa mtu mpole, na alinijibu kwa upole.

"Hapana, mwanangu. Piano iko na mutu mupya sasa. Na tena yaya yako aliniomba mbele ya kuenda. Alisema, Pasta, Kadogo asiguse ile piano. Ule kibao ya katikati yenye kukufa, alisema ni wewe uliibomoa."

Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umelala chini kwenye mafuta yake, nikautazama. Kile kibao kilikufa kabla sijajua kuandika jina langu. Esperance alijua, alikuwepo wakikitoa kinanda ndani ya boksi. Kwenye mambo mengine yote ningeweza kumtafutia sababu, na kwa kweli nilikuwa nimeshamtafutia. Hili halikuwa na sababu ila moja: mtu akinisikia napiga, angejua. Alikuwa amepita kwenye mlango wake mmoja, akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha umefungwa.

Yaliyompata baadaye si makubwa. Bendeji ilitoka, na shule ikagundua kwamba mikono yake haifanani na video. Sijui aliwaeleza nini. Hawakumfukuza, alikuwa na sauti nzuri na subira kwa watoto, wakampa kuwafundisha wale wanaoanza. Ni kazi anayoifanya mpaka leo, na wanasema hakuna mwalimu mvumilivu kama yeye. Ameolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe. Mimi nilikuja Mbarara baadaye kwa njia yangu, kusomea ushonaji. Tunasalimiana, tunapelekeana chakula sikukuu. Nilinunua kinanda cha mtumba nikajaribu ule wimbo. Mkono wa kushoto ulikumbuka wote, wa kuume ulikumbuka nusu. Esperance hajawahi kulitaja jambo lile, nami sijamuuliza. Ningeweza kuishi na hilo. Yaya alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyeogopa, na watu wanaoogopa hukanyaga waliolala karibu nao.

Linaloniamsha ni jingine.

Siku ile niliyotoka kwa Pasta nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, ndagala, dagaa wa kwetu, zikiwa tayari kwenye bakuli. Nikamwambia yote: vijiti vya mwanga, rangi ya kucha, sweta, bendeji, ufunguo. Nilikuwa nikilia na maneno yakitoka bila mpangilio. Hakuacha kusonga. Nilipomaliza alisema, bila kugeuka, "Nilijua."

Sikuelewa. Nilidhani Esperance alimwambia baadaye.

"Hakuniambia kitu," mama alisema. "Pasta alinionyesha ile video kwa simu yake, siku mbili mbele ile Jumapili ifike. Nilijua hata wimbo haijafika mbali. Nani atanificha mikono ya batoto nilizaa? Kidole yako ya mwisho inapinda kwa ndani, kama ya baba yako. Ya Esperance imenyooka."

"Lakini ulicheza. Kanisani."

"Nilicheza."

"Juu ya nini, mama?"

Aliepua sufuria akaiweka chini. Sasa alinigeukia. Uso wake ulikuwa na masizi. "Ule mutu wa Ngarama, mwenye pikipiki nyekundu, alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi. Ulifikiri anakuja juu ya nini?"

"Kununua unga."

"Alikuja juu ya Esperance. Bibi yake alikufa, alitafuta mwingine. Bandugu ya baba yako balishakubali, na mimi mwanamuke peke yangu, ningekataa na nini? Niseme nini? Ile shule njo ilinipa neno ya kusema." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Wewe uko na miaka kumi na mbili. Ulikuwa na wakati. Yeye hakukuwa nayo."

Nimekua, nimeyapima maneno hayo kwa kila mizani niliyo nayo, na kila mara namwona mama ana haki. Mtoto mmoja alikuwa anachukuliwa, na mkononi mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kumkombolea. Mimi pia, leo, huenda ningefanya vilevile. Lakini aliniona. Kati ya watu wote waliotazama ile mikono wakataja jina lisilo langu, yeye peke yake aliniona, akanitambua kidole kwa kidole, kisha akafunga kitambaa chake cha kichwa akaenda kucheza. Na wakati alioniachia, ule aliosema ninao, hakuna aliyekuja kunionyesha ulipowekwa.

Mama alinawa mikono, akamega ugali, akauweka kwenye sahani yangu na kuuzungushia ndagala, nyingi kuliko za kwake. Akakaa chini kunikabili.

"Kula," alisema.

Nilitaka kukataa. Nilitaka aone kwamba sili. Lakini nilikuwa nimetoka shule, sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi, na hapakuwa na mahali pengine popote duniani ambapo mtu alikuwa ameniwekea sahani. Nikanawa. Nikala mpaka nikamaliza, yeye akinitazama.